Redio ya Jumapili Ile Ilijua Kurudi Uwanjani

Tafuta mtandaoni sauti za redio ya Marekani za Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941, siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Muda si mrefu utaangukia kwa John Daly, mtangazaji wa mtandao wa redio wa CBS, akikatiza kipindi kwa sauti ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Inasisimua kweli. Ila si ya siku ile. Daly aliirekodi upya miaka kadhaa baadaye kwa ajili ya santuri ya kumbukumbu. Jumapili yenyewe CBS haikukatiza kitu. Saa nane na nusu mchana, kwa saa za New York, palikuwa na taarifa ya habari iliyokuwa kwenye ratiba tangu mwanzo. Muda ukafika, Daly akasogea kwenye maikrofoni, akasoma kilichokuwapo.

Kwa hiyo watu walitengeneza upya tukio ili liwe na kukatizwa ndani yake. Sishangai. Tunapenda kukatizwa. Tunapenda kusimulia tulikuwa wapi, tumeshika nini mkononi, nani alipiga kelele. Lakini nimekaa na rekodi za siku ile kwa saa nyingi, na kilichonikamata ni kile kinachofuata baada ya habari: wanarudi kwenye kipindi. Wanasema walicho nacho, kinakwisha, wanarudi. Wapo wanaoliona hilo kama ubaridi wa moyo. Mimi naliona ni adabu ya kazi, na ni adabu tuliyoipoteza.

Chukua kituo cha WOR cha New York, cha mtandao wa Mutual, ambacho ndicho kiliwahi wote. Kilikuwa kinatangaza mechi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, kutoka uwanja wa Polo Grounds: New York Giants na Brooklyn Dodgers. (Ndiyo, Dodgers hao walikuwa timu ya mpira, wakishiriki jina na ile ya besiboli.) Mtangazaji anaufuata mpira: umepigwa mbali, Ward Cuff ameudaka, anakata kushoto, anapita yadi ya 25, amekwidwa, Bruiser Kinard ndiye aliyemwangusha. Hapo sauti nyingine inaingia. Taarifa muhimu kutoka shirika la United Press: Ikulu ya Marekani imetangaza kwamba Japani imeshambulia Pearl Harbor. Endeleeni kusikiliza WOR, habari zaidi zitatolewa papo hapo zikipatikana. Basi. Sentensi mbili tatu, na mara uko tena uwanjani, watu wanashangilia.

Ilikuwa saa 8:26 mchana. Dakika nne tu zilikuwa zimepita tangu Steve Early, katibu wa habari wa Rais Roosevelt, awapigie simu ya pamoja mashirika matatu ya habari. Huko Hawaii, ambako saa zilikuwa nyuma kwa saa tano na nusu, haikuwa imetimia saa tatu asubuhi, na wimbi la pili la ndege za Kijapani ndilo lilikuwa linaingia. Yaani msikilizaji wa Brooklyn aliyekaa kitini na kikombe chake aliambiwa habari ya shambulio wakati nusu ya shambulio lenyewe ilikuwa bado. Asiyekuwa na redio siku ile Marekani alikuwa mtu wa wachache. Sensa ya mwaka 1940 ilikuta zaidi ya asilimia 80 ya kaya zina redio nyumbani.

Sasa fikiria ungekuwa wewe mkuu wa kituo. Una sentensi mbili. Hujui Pearl Harbor kumetokea nini hasa, na wasikilizaji wako wengi hata hawajui Pearl Harbor iko wapi. Ukibaki hewani utasema nini? Leo tunajua jibu: tungemwita mchambuzi wa masuala ya usalama, tungemwuliza hii ina maana gani, naye kwa kuwa ameitwa angejibu. Tungesoma ujumbe wa wasikilizaji. Kufikia saa kumi jioni tungekuwa tumeshazamisha meli ambazo hazikuwapo bandarini. Hata siku ile, pale walipojaribu kwenda mbele ya ushahidi, waliteleza. Ikulu ilitoa taarifa nyingine dakika chache baadaye kwamba kambi za Manila nazo zimeshambuliwa, na redio ikaisoma. Manila saa hizo kulikuwa bado usiku, alfajiri haijafika, na hakuna bomu lililokuwa limeanguka Ufilipino. Mabomu yalikuja, lakini baadaye. Taarifa ile moja tu ya kiserikali, iliyosomwa kwa nia njema, inatosha kuonyesha kilichokuwa kinawasubiri wangeamua kujaza hewa mchana kutwa.

Wakaamua kurudi kwenye vipindi, na vipindi vyenyewe havikuwa uchafu. Saa tisa alasiri CBS ilipeleka wasikilizaji Carnegie Hall kwa okestra ya New York Philharmonic, kama kila Jumapili, Artur Rodziński akiongoza. Siku hiyo walipiga simfoni ya kwanza ya Shostakovich, kisha Arthur Rubinstein akakaa kwenye piano kwa konseti ya pili ya Brahms. Hebu tazama majina hayo. Shostakovich alikuwa ametolewa Leningrad miezi miwili tu nyuma, mji wake ukiwa umezingirwa. Rubinstein alikuwa Myahudi wa Poland, na nchi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani kwa mwaka wa tatu. Mtunzi aliyefuata alikuwa Mjerumani. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya habari. Programu ilikuwa imechapishwa zamani. Lakini sijui mchambuzi gani angeweza kukaa saa mbili hewani akamweleza Mmarekani kuhusu vita vile zaidi ya walivyomweleza watu hao pasipo kusema neno. Na kumbuka kila kitu kilikuwa moja kwa moja. Mitandao mikubwa ya redio, NBC na CBS, miaka ile haikuruhusu vipindi vya kurekodiwa, kwa hiyo kinanda ulichokisikia kilikuwa kinapigwa dakika ileile, na mtu ambaye naye alikuwa ameshasikia.

Usiku ulikuwa wa vichekesho, maana Jumapili usiku ndiyo ilikuwa kilele cha wiki. Jack Benny saa moja, na saa mbili Edgar Bergen na mwanasesere wake Charlie McCarthy. Huwa nacheka kila nikifikiri kwamba mmoja wa watu maarufu zaidi wa redio ya Marekani alikuwa bingwa wa kumsemea mwanasesere bila kuchezesha midomo, redioni, ambako hata angeichezesha nani angemwona. Katikati, CBS walikuwa na kipindi cha uzalendo ambamo Orson Welles alishiriki. Huyu ndiye aliyekuwa amewatisha baadhi ya wasikilizaji Jumapili nyingine, tarehe 30 Oktoba 1938, kwa mchezo wa kuigiza uliojifanya taarifa za habari za uvamizi kutoka sayari ya Mars. Mchezo ule ulifanya kazi kwa sababu moja: ulikatizakatiza. Ulijua kwamba masikio ya Mmarekani yameshafundishwa, mtu akikatiza muziki, lililosemwa ni kweli.

Ila aliyenigusa jioni ile ni Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Alikuwa na kipindi chake cha robo saa kila Jumapili, saa moja kasorobo, kilichodhaminiwa na wauza kahawa wa nchi za Amerika ya Kusini na Kati. Mumewe hakuzungumza na taifa mpaka kesho yake mchana mbele ya Bunge. Mama huyu akaingia hewani kwa muda wake uleule wa siku zote, na akasema na wanawake wenzake. Alisema ana kijana baharini kwenye meli ya kivita, naye hajui kama hayuko njiani kuelekea Pasifiki. Hakuwa na siri ya kufichua. Alikuwa na nafasi ya kawaida kwenye ratiba ya kawaida, na nadhani ndiyo maana maneno yake yalikaa.

Nisije nikaonekana nasifu kimya chochote kile. Siku ile kulikuwa na kimya kingine ambacho sikipendi hata kidogo. Kwenye uwanja wa Griffith mjini Washington, watu 27,000 na ushei walikuwa wanatazama timu mbili za mpira huohuo wa Kimarekani, Redskins wakicheza na Eagles. Spika za uwanjani zikaanza kuita: admirali fulani apige simu ofisini, jenerali fulani aripoti, balozi fulani anatafutwa. Jina baada ya jina, na sababu haikutajwa. Waandishi kwenye chumba chao walijua. Uongozi ukasema hautaki kuzusha taharuki. Matokeo yake aliyebaki nyumbani na redio alijua taifa lake limeshambuliwa, na aliyekata tiketi, pengine ana mtoto jeshini, alikaa pale anajiuliza mbona majenerali wanaisha. Hiyo si sawa na WOR. WOR ilisema kwanza, ndipo ikarudi kwenye mpira.

Na serikali nayo ilikuwa na kimya chake. Edward R. Murrow wa CBS, ambaye sauti yake kutoka London wakati wa mabomu ilikuwa imemfanya maarufu, alikuwa amealikwa chakula cha jioni Ikulu Jumapili hiyohiyo. Mwaliko haukufutwa. Baada ya chakula aliambiwa asubiri, akasubiri mpaka usiku mkubwa, ndipo Roosevelt akamwita na kumweleza hasara ilivyokuwa: meli, watu, ndege zilizoteketea zikiwa chini ardhini. Alitoka pale na habari kubwa kuliko zote maishani mwake, na hakuitangaza. Watu 2,403 walikuwa wamekufa. Umma ulipewa picha kamili kidogokidogo, kwa muda mrefu. Kuna wanaomwona Murrow muungwana kwa hilo. Mimi bado nasita. Mtangazaji kunyamaza kwa sababu hajui ni jambo moja, na kunyamaza kwa sababu anajua ni jingine.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba redio iliyosema mengi zaidi siku ile ilikuwa inapiga muziki tu. Kituo cha KGMB cha Honolulu kwa kawaida kilizima mitambo usiku. Lakini ndege za jeshi aina ya B-17 zilipokuwa zinakuja kutoka California, jeshi lilikiomba kikeshe na nyimbo za Kihawaii ili marubani waufuate mwelekeo wa mawimbi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 7 kilikesha. Luteni Kermit Tyler, akiendesha gari kwenda zamu ya alfajiri kwenye kituo kilichopokea taarifa za rada, alizisikia zile nyimbo, na kwa kuwa rafiki yake alishamwambia maana yake, akajua B-17 ziko njiani. Saa moja na ushei asubuhi vijana wawili wa rada kule Opana wakapiga simu: kuna kundi kubwa la ndege linakuja kutoka kaskazini. Tyler akawaambia wasijali. Na hakukosea kuhusu B-17. Zilikuja kweli, zikatua katikati ya mabomu. Wakati huohuo Mitsuo Fuchida, aliyeongoza ndege za Kijapani, alikuwa ameshika masafa ya Honolulu na kusahihisha uelekeo wake kwa muziki uleule. Wimbo mmoja, wasikilizaji wawili, kila mmoja akaelewa alichohitaji.

Saa mbili na dakika nne KGMB ikaanza kuwaita wanajeshi wote kambini. Watu wengi walidhani ni mazoezi, mpaka mtangazaji Webley Edwards akalazimika kupaza sauti kwamba ni kweli jamani, ni kweli. Kabla ya saa sita mchana jeshi likaamuru vituo vizimwe, ndege nyingine zisije zikaongozwa navyo.

Huku kwetu Afrika Mashariki hakuna aliyekatizwa chochote, maana redio ilikuwa bado kitu cha walowezi wa Nairobi na wachache wa mijini. Dar es Salaam ilisubiri mpaka 1951. Askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika, walikuwa wametoka tu kumaliza kazi Ethiopia, Gondar ilikuwa imeanguka tarehe 27 Novemba, siku kumi kabla. Vijana wengi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) huenda walidhani vita vyao vimekwisha. Habari ile iliyosomwa katikati ya mechi ndiyo iliyowapeleka Ceylon (Sri Lanka ya leo), na mwaka 1944 bonde la Kabaw huko Burma, kwenye mvua na malaria. Wazee waliorudi walitaja Burma mpaka wanakufa, ila jina Pearl Harbor ni wachache waliokuwa nalo.

Kuna kisa cha Phoenix, Arizona, ambacho hutajwa kama aibu. Mtu alipiga simu gazetini mchana ule kuulizia mechi ya Chicago Bears na Cardinals, akalalamika kwani hamna kitu kingine zaidi ya hayo mambo ya vita. Watu humcheka. Mimi simcheki. Alikuwa ameshaambiwa la vita, na hakuna aliyekuwa na la kumwongezea saa ile. Matokeo ya mpira yalikuwapo: Bears 34, Cardinals 24.