Julai Mosi Haina Mjomba

Februari 2019 mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni kwa dada, hapa Houston, Marekani, cheti cha uraia kikiwa bado ndani ya bahasha, anahesabu kwa vidole. Amezaliwa Machi 1997. Sheria ya wakati ule ilitaka anayeingia chuo cha kijeshi cha West Point awe ametimiza miaka 17, na ifikapo Julai mosi ya mwaka wa kuingia awe bado hajatimiza miaka 23. Maombi ya 2019 yalishafungwa. Julai 2020 angekuwa na miaka 23 na miezi mitatu. Akarudia kuhesabu, safari hii akaanzia mkono wa pili, utadhani ule ungempa jibu jingine.

Shemeji alishinda bahati nasibu ya viza, familia ikatua hapa Juni 2013, kijana ana miaka 16. Kwa mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, uraia unaombwa baada ya miaka mitano. Mtoto huupata kupitia kwa wazazi ikiwa hajafikisha 18, lakini zamu ya wazazi ilipofika yeye alikuwa na 21. Ikabidi apange foleni yake mwenyewe, nayo ikala karibu mwaka mzima. Na kwa mkazi wa hapa, bila uraia West Point huingii.

Watu wengi wetu huku husema kikomo kile ni ubaguzi. Mimi nusu nakubali, nusu nakataa. Chuo kile kinataka udongo ungali maji. Unakaa kambini miaka minne, huna mke wala mtoto wa kulea, serikali inakulipia kila kitu, kisha unalipa deni kwa kulitumikia jeshi si chini ya miaka mitano. Hata kukubaliwa kwenyewe kunahitaji uteuzi, mara nyingi wa mbunge au seneta wako, mbali na alama za shule, daktari na mtihani wa viungo ambao mojawapo ya majaribio yake ni kupiga magoti na kurusha mpira wa kikapu. (Dada aliponiuliza kama ni sawa na Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi kule Tanzania, nilimjibu ndiyo, ila Monduli hawakurushi mpira umepiga magoti. Kusema kweli sijui kama hawakurushi.)

Ninapogombana na sheria ile ni kwenye hesabu yake. Aliyelala miaka mitano na aliyesubiri karatasi miaka mitano wanahesabiwa sawa. Ningekuwa na uwezo, saa ya mhamiaji ingeanza kuhesabu siku anapokula kiapo cha uraia. Wala mbingu isingeanguka: chuo cha mabaharia wa meli za biashara kilichopo Kings Point, New York, nacho ni cha serikali, kilikuwa kinapokea hadi miaka 25. Mpwa wangu angeweza kuomba pale. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua kama kipo. Tulijua West Point, na Annapolis, chuo cha jeshi la majini, kwa kusikia.

Ila fungu kubwa la lawama ni langu. Mwaka 2015, alipomaliza sekondari, alitaka kujiunga na jeshi kama askari wa kawaida. Kadi ya kijani inaruhusu. Askari huwa na njia fupi zaidi ya uraia, na kila mwaka West Point hutenga hadi nafasi 170 kwa askari, nusu wa jeshi la kudumu na nusu wa akiba, bila kumbembeleza mbunge. Kuna hata shule ya kuwanoa mwaka mmoja, iko palepale West Point. Akiwa na miaka 20 angekuwa mlangoni. Mimi nikampigia dada simu: mtoto hakuja Marekani kufia Kandahar, asubiri, asome unesi. Akatii, maana mjomba kasema. Usiku akawa anageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kulelea, mchana yuko chuo cha jamii anasinzia. Nilijiona nimeokoa roho ya mtu.

Siku ile ya vidole aliniuliza swali ambalo bado nalitafuna. Kama angeingia na miaka 22, angevumilia kukaripiwa na kijana wa 19? Pale mkubwa ni aliyetangulia kuingia. Wa mwaka wa kwanza anabeba nguo za wenzake za kufuliwa, anakariri vitu vya kijinga akiwa wima, na wa mwaka wa tatu, mniwie radhi, wanaitwa ng'ombe. Sisi tumelelewa mdogo ndiye anayeamkia. Nilimwambia angevumilia. Nadhani nilikuwa najifariji mimi.

Nikamwonyesha habari za Jenerali John Shalikashvili. Alizaliwa Warsaw, akaingia Marekani 1952 akiwa na miaka 16, umri uleule. Uraia akaupata 1958, mwaka uleule akaitwa jeshini kwa lazima kama askari wa kawaida, akapita kozi ya maofisa na kupewa cheo 1959. Kufikia 1993 alikuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi yote ya Marekani. Aliyemtangulia kwenye kiti, Colin Powell, mtoto wa wahamiaji wa Jamaika, alisomea uofisa akiwa chuo kikuu cha kawaida New York. Wote wawili hawakusoma West Point. Mpwa wangu alisoma, akafunga simu, akasema: "Sawa mjomba, lakini mimi nilitaka ile pete." Wahitimu wa kule huvaa pete. Sikuwa na la kumjibu.

Alimaliza digrii 2021, akaenda kozi ya maofisa ya wiki 12 Fort Benning, Georgia, ambako umri wa 24 haukumshangaza mtu. Kuna mwenzake alikuwa na 31 na watoto wawili.

Siku ya kuvishwa cheo cha luteni usu wana desturi: askari wa kwanza kukupigia saluti unampa sarafu ya dola ya fedha. Alimchagua sarjenti wa makamo, mvi zimeanza masikioni. Yule mzee akakakamaa, akapiga saluti ya nguvu. Kijana akaijibu, akampa mkono, sarafu ikiwa kiganjani. Jioni alinieleza ilibaki kidogo tu aseme shikamoo.