Stenti iliyosahaulika ilimrudisha baba mdogo kwenye meza ya upasuaji

Asante mwandishi kwa habari hii ya stenti zinazoyeyuka zenyewe, yaani vijirija vinavyowekwa kati ya figo na kibofu ili mkojo upite. Baba yangu mdogo aliwekewa ile ya plastiki, imejikunja ncha zote mbili, baada ya kutolewa mawe ya figo. Akaambiwa arudi baada ya wiki sita. Maumivu yakaisha, nauli ikakosekana, akasahau. Alipokwenda mwaka uliofuata, stenti ilikuwa imeganda magamba kama birika la maji ya chumvi, ikabidi apasuliwe.

Kwa hiyo hamu ya hizi zinazoyeyuka ninayo. Ila umepita haraka mno kwenye hatari. Nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka, zile za kutengenezwa kiwandani, zipo tangu miaka ya 1970, na polima (aina ya plastiki) nyingi za stenti hizi ni za ukoo uleule, wa asidi ya laktiki na glikoliki, ambazo maji ya mwilini huzikata polepole. Lakini stenti ikimeguka vipande vikubwa, inaziba njia ileile iliyokuja kuifungua. Zinazoanza kulainika upande wa kibofu kuelekea figo ndizo zinazonipa moyo, kwani kipande kikikatika kinatoka na mkojo.

Wakati tunazisubiri, kila hospitali iwe na daftari la waliowekewa stenti, na mtu wa kuwapigia simu.