Nani Alikuwa Jikoni?

Kuna hoteli moja huko bara, kwenye baridi, imewekwa ndani ya nyumba ya zamani ya walowezi. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Juzi nimesoma ukurasa wao wa "Historia ya Mlo Wetu" nikabaki natikisa kichwa. Nimeelezwa nani aliijenga nyumba, mkewe alipenda maua gani, hata farasi wao aliitwaje. Naam, farasi ana jina. Kisha ikaja picha ya meza ya chakula cha jioni: mishumaa inawaka, uma zimepangwa kama askari wa gwaride, na nyuma ya wageni wamesimama wanaume wawili wamevaa kanzu nyeupe na mikanda. Chini yake pameandikwa: "Wageni wakifurahia mlo." Basi, imetoka hiyo. Wale wawili wamehesabiwa pamoja na mapazia.

Kama mnataka kuiga Waingereza, igeni basi mpaka mwisho. Chukueni Sharrow Bay, ile hoteli ya kando ya ziwa Ullswater, huko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo wa kulala kwenye jumba la mashambani na kuandaliwa mlo wa heshima. Francis Coulson aliifungua mwaka 1949. Utazameni vizuri mwaka huo. Vita vimekwisha, lakini sukari, siagi, mayai na nyama bado vinatolewa kwa mgao, na nyama haikuachiwa huru mpaka 1954. Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya tangu 1942 iliyokataza mkahawa kutoza zaidi ya shilingi 5 za Kiingereza kwa chakula cha mtu mmoja. Iliondolewa 1950. Mwenye akili zake angesubiri. Coulson hakusubiri, na aliyeingia jikoni ni yeye mwenyewe. Mwaka 1952 akaja Brian Sack, akashika upande wa wageni, Coulson akabaki na masufuria yake. Wakaenda hivyo miongo na miongo, na Coulson alifariki 1998.

Hiyo ndiyo historia ya mkahawa. Alipika nani, alipika nini, vitu alivipata wapi wakati havipatikani. Mwondoe Coulson hapo ubaki na nyumba nzuri yenye ziwa mbele, na za namna hiyo Uingereza zimejaa tele.

Najua mtasema jina lake limebaki kwa sababu alikuwa mwenye mali. Haya, nakubali, shingo upande. Lakini hoteli ya Le Manoir aux Quat'Saisons, huko huko Uingereza, kijiji cha Great Milton, aliyoifungua mpishi Raymond Blanc mwaka 1984, imeshahama mikono mpaka imefika kwa LVMH, kampuni kubwa ya Kifaransa ya bidhaa za anasa, na watu bado wanasema wamekwenda kula kwa Blanc.

Kwetu je? Kwetu tunaye Kamante Gatura. Novemba 1928 Prince of Wales, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alikula chakula cha jioni nyumbani kwa Karen Blixen, mlowezi kutoka Denmark, chini ya milima ya Ngong, na mpishi wa nyumba alikuwa Kamante, kijana wa Kikuyu ambaye Blixen alimkuta bado mtoto, miguu imejaa vidonda. Kusoma hakujua, kwa hiyo vitabu vya mapishi havikumfaa kitu. Kila kitu alikiweka kichwani, na sosi alizipa majina ya mambo yaliyotokea siku aliyofundishwa: sosi ya radi iliyopiga mti, sosi ya farasi wa kijivu aliyekufa. Mimi ningekuwa na hoteli, menyu yangu ningeiandika hivyo hivyo.

Lakini Kamante tunamjua kwa bahati tu, kwamba bibi wa nyumba alikuwa mwandishi. Wenzake wako wapi? Na msiniambie majina yao hayakuandikwa popote. Tangu miaka ile ya 1920, Mwafrika mwanamume nchini Kenya alilazimishwa kutembea na kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa jina lake, mwajiri wake na mshahara wake. Mpishi akitoroka kazi, jina lilijulikana mara moja na polisi walikuja nalo. Leo linapotafutwa la kumpa sifa, ghafla hakuna kumbukumbu!

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyepika kwenye nyumba kama hizo ujana wake wote. Watoto tulimwita Mzee Kastadi. Kastadi, ule mchuzi mtamu mzito wa maziwa na mayai, aliipika kwenye jiko la kuni, bila kipimo wala saa. Alichovya mwiko, akaugeuza, akapitisha kidole mgongoni mwa mwiko. Ule mstari ukibaki bila kuzibika, sufuria inashuka. Ukimwuliza nani alimfundisha, alisema "memsahibu alinisomea mara moja, nikamaliza." Mara moja! Leo kijana anamaliza chuo cha hoteli na kastadi inamkatikia.



Sharrow Bay yenyewe ilifungwa 2020, mwaka wa korona. Kilichobaki midomoni mwa watu ni ile pudini ya tende yenye sosi ya tofi, ingawa kijiji cha Cartmel, huko huko Cumbria, nacho kinaivutia kwake. Wenzetu wanagombana hadharani kuhusu nani alipika pudini kwanza. Huo ni ugomvi wa watu wanaoheshimu jiko, na mimi nauonea wivu.

Ninyi wa hoteli ya farasi, daftari la mishahara la nyumba hiyo, kama mchwa hawajalimaliza, lina majina yote. Likikosekana, piteni kijijini nyuma ya ua. Sitashangaa wajukuu wawili watatu wa wapishi hao wakiwa ndio wanaowakatia nyasi. Kuwauliza hakuna ada.