Uwazi wa viwango upimwe kwa pingamizi

Kila shirika linalotunga viwango vya kiufundi hujitangaza kuwa liko wazi. Ukidai ushahidi, unapewa hesabu: nchi wanachama, wajumbe wa kamati, siku za kupokea maoni. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani, kwa mfano, zinataka rasimu ipewe angalau siku 60 za maoni. Ni kanuni njema, nami naitetea. Ila hesabu hizo zinatuambia walioingia ukumbini tu. Mmoja wao aliposema hapana, ilikuwaje?

Mimi ningepima hapo. Chukua pingamizi la mtu asiye na jina wala kampuni kubwa nyuma yake, ulifuatilie. Nani alilisoma? Lilijibiwa kwa hoja gani? Na hoja hiyo, mtu wa nje anaweza kuisoma leo bila kuomba ruhusa?

Kwa kipimo hiki, suala la OOXML, muundo wa mafaili ya Microsoft Office, linaniuma hadi leo. Mwaka 2007 rasimu yake ilipelekwa kwa njia ya haraka ya ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango, ikiwa na kurasa zipatazo 6,000. Huko Sweden makampuni kadhaa yalijiunga dakika za mwisho na kamati ya kuamua kura ya nchi hiyo, yakapiga kura ya ndiyo. Kura ikabatilishwa baada ya kubainika kuwa mshiriki mmoja alipiga zaidi ya mara moja. Anayehesabu vichwa angesema kamati ile ilichangamka.

Kura ya kimataifa ya Septemba haikufanikiwa, na mashirika ya nchi mbalimbali yakaleta maoni zaidi ya 3,000. Februari 2008 wajumbe wakakutana Geneva kupitia majibu yapatayo 1,000 ya maoni hayo. Walikuwa na siku tano. Mengi yaliamuliwa kwa kura ya karatasi bila kujadiliwa. Kiwango kikapita, Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa, zikakataliwa. Mtaalamu aliyekesha na kurasa zile, akaona kasoro na kuiandika vizuri, alistahili jibu, si kuhesabiwa tu.

IETF, wanaotunga itifaki za intaneti, yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta, hawana uanachama. Mabishano yao huendeshwa kwa barua pepe zinazosomwa na yeyote, na viwango vyao ni bure. Waraka wao RFC 7282 wa mwaka 2014 unasema hata watano wakiunga mkono na mia wakipinga, bado maafikiano yanaweza kuwepo, mradi hoja za wapinzani zimeshughulikiwa kwa kina. Wingi peke yake hauamui. Si kwamba kwao hakuna kizuizi: kazi yote ni ya Kiingereza, na anayelipwa na mwajiri kushiriki ana muda ambao mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu hana.

TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, nazo ziulizwe hivyo hivyo. Pamoja na kila kiwango kinachopitishwa, pachapishwe jedwali la maoni yote yaliyoletwa, jibu la kila moja, na sababu ya kila lililokataliwa.