Mkataba Unaojihuisha: Mlango wa Kutokea Uwe Wapi?

Katika mkataba unaojihuisha wenyewe, yaani unaoendelea muda wake ukiisha mpaka mteja aukatae, kimya cha mteja huhesabiwa kuwa ridhaa. Alijiunga kwa majaribio ya bure, akaingiza namba ya kadi, akasahau. Fedha zinakatwa mwezi baada ya mwezi.

Wafanyabiashara wana hoja nzito, na mfano wao bora ni bima. Aliyesahau kuihuisha bima ya gari kisha akapata ajali wiki hiyohiyo ataumia kuliko aliyekatwa ada asiyoitaka. Ukiupiga marufuku mtindo huu, unawaadhibu wengi wanaotaka huduma iendelee bila usumbufu. Hilo nakubali.

Ninachokataa ni kumfungia mteja ndani. Kujiunga ni kubofya mara moja. Kujitoa ni kupiga simu saa za kazi, kusubiri, kisha kubembelezwa kwa punguzo. Hapo kampuni inavuna uchovu wa mteja. Nchini Marekani, duka la mtandaoni la Amazon lilishitakiwa kwa kuwasajili watu kwenye Prime, uanachama wake wa kulipia, bila ridhaa ya kweli na kuwawekea vikwazo vya kujitoa. Septemba 2025 lilikubali kulipa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa, bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarejeshea wateja.

Ufaransa ilianza na ukumbusho: tangu 2005, mtoa huduma asiyemkumbusha mteja kwa wakati humwachia haki ya kuvunja mkataba wakati wowote. Ni jambo jema, ila barua pepe hupotea katikati ya nyingine mia. Ujerumani naiona imelenga penyewe. Kwa mikataba mingi iliyofungwa kuanzia Machi 2022, muda wa kwanza ukiisha huduma inaendelea, lakini mteja anaweza kuondoka kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Tangu Julai mwaka huohuo, tovuti zinazouza huduma za aina hii zinatakiwa kuwa na kitufe cha kujitoa. Bima ina kanuni zake pembeni, kwa hiyo hofu ile ya ajali haiguswi.

Marekani nayo ilitunga kanuni ya kujitoa kwa urahisi mwaka 2024. Julai 2025 mahakama ya rufaa iliifuta, kwa sababu tume iliyoitunga iliruka hatua ya kuchambua gharama zake mapema. Kosa lilikuwa la utaratibu, na aliyelipa ni mteja. Kinachobaki ni sheria ya shirikisho ya 2010, inayodai njia "rahisi" ya kusitisha malipo bila kuieleza kwa kina, pamoja na sheria za majimbo kama California, ambako aliyejiunga mtandaoni lazima aweze kujitoa mtandaoni.