Kabla Hujakubali Kwamba Pampu Imekufa

Mashine za kuoshea vyombo zimeanza kuonekana katika majiko mengi ya Arusha na Moshi: Njiro, Sakina, Shanty Town, bila kusahau nyumba za wageni zinazopokea watalii. Pamoja nazo imekuja kauli moja ninayoisikia kila mashine inapomaliza kuosha na kubakiza maji chini: "Fundi kasema pampu imekufa." Mimi siikubali kirahisi. Pampu hufa, lakini mara nyingi hutangaziwa kifo bila hata kuguswa, na mwenye nyumba hulipia mpya wakati palipoziba ni mahali pengine kabisa.

Fuata safari ya hayo maji. Mashine huvuta lita chache, huzipasha moto na kuzirusha kwenye vyombo kwa mikono inayozunguka. Maji yakishuka hupita kwenye chujio, hufika kwenye pampu ndogo ya kutolea, husukumwa ndani ya mpira wenye mikunjo, hupanda nyuma ya kabati, huingia kwenye bomba la sinki, kisha chemba, kisha shimo. Pampu ni sehemu moja tu ya njia hiyo ndefu. Paziba popote, utaona dalili ileile: maji ya kijivu chini na harufu mbaya ukifungua mlango.

Ndiyo maana nashauri kuanzia mwisho wa njia. Mwaga ndoo ya maji kwenye sinki. Yakishuka kwa kusuasua, au mapovu yakitokea, mashine haina kesi. Safisha trapu ya sinki, yaani lile bomba lililopinda chini yake, kisha kafunue chemba. Nyumba nyingi huku kwetu hazijaungwa kwenye mfumo wa majitaka wa mji, maji yanaishia shimoni uani. Masika ardhi ikishiba, shimo huchelewa kunyonya, na mashine inayosukuma maji yake kwa nguvu na kwa mkupuo hulalamika kabla ya mtu anayesuuza vikombe viwili sinkini.

Halafu kuna baridi yetu ya Juni hadi Agosti, jambo ambalo vitabu vya maelekezo vya viwandani haviligusi. Sahani ya ndizi nyama ikiingia na mchuzi wake, mafuta huyeyuka kwenye maji ya moto, yakafika kwenye mpira uliopoa ukutani usiku wa Arusha, yakaganda kwenye mikunjo. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka njia inakuwa nyembamba. Mpira wa namna hiyo hauhitaji pampu mpya. Unafunguliwa, unasuuzwa kwa maji ya moto na sabuni, unarudishwa. Usimwage ndani ya mashine dawa kali ya kuzibua sinki: inakula mipira, na siku ukifungua njia kwa mkono, maji hayo yanaweza kukurukia usoni.

Makande nayo yana shari yake. Ganda la mahindi haliyeyuki. Linalala juu ya tundu la chujio kama kifuniko. Mashine nyingi zina chujio la mviringo chini: unalizungusha kinyume na mwendo wa saa, unalinyanyua, unalisugua kwa brashi laini chini ya bomba. Nyumba inayopika kila siku ilisafishe kila wiki. Na ukikuta maji kidogo yamebaki kwenye kishimo chini ya chujio, usishtuke, ndivyo ilivyotengenezwa. Yanazuia mipira ya ndani isikauke.

Hapa nina neno kuhusu dada wa kazi. Mashine ikigoma, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa kafanya nini. Lakini nani alimwonyesha chujio liko wapi? Kitabu cha maelekezo kiko kabatini chumbani kwa mama, tena kwa Kijerumani au Kiingereza. Kumlaumu mtu kwa chujio ambalo hakuna aliyewahi kumwonyesha ni uonevu, na kunaniudhi kuliko pampu iliyouzwa bure. Kaa naye, mlifungue pamoja, mwonyeshe namna ya kukwangua sahani kabla ya kuipanga.

Wapo pia wanaosema ni maji ya Arusha, yana floraidi. Ni kweli ukanda wa Mlima Meru una floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi yanatokana nayo. Ila floraidi imeyeyuka ndani ya maji. Haizibi mpira wala haikwamishi pampu.

Mashine mpya ambayo haijawahi kutoa maji tangu ifungwe, mwite fundi bomba aliyeifunga. Trapu nyingi mpya huja na kichuchu cha kuungia mpira kikiwa kimezibwa kwa plastiki, na kuna wanaochomeka mpira bila kuikata. Angalia pia kama mpira umebanwa nyuma ya kabati, na kama umepandishwa juu kabla ya kushuka kwenye bomba. Ukilazwa sakafuni, maji machafu ya sinki hurudi ndani ya mashine, ukaapa kwamba haikuyatoa. Na kama umeme ulikatika katikati ya kuosha, maji lazima yabaki. Washa tena programu ya kutoa maji kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.

Ukishapita hayo yote, ndipo uende kwenye pampu. Chomoa waya ukutani, chota maji kwa kikombe na sponji, vaa glavu. Chini ya chujio, kwenye mashine nyingi, kuna kifuniko kidogo kinachobanduka, na nyuma yake kipangaboi cha pampu, yaani kile kidude chenye mapanga kinachosukuma maji. Hapo hukutwa kipande cha glasi, kijiti cha meno, mfupa wa kuku, mbegu ya ndimu. Kizungushe taratibu: kitakwenda kwa kushtukashtuka, na hiyo ni sumaku ya mota, si ubovu. Kisipozunguka kabisa, kuna kitu kimekibana.

Sikiliza pia. Pampu inayovuma bila kutoa maji kwa kawaida imekwama au njia yake imeziba. Iliyo kimya kabisa ndiyo ya kutilia shaka, ingawa hata hapo huenda umeme haujaifikia. Hata maandishi ya hitilafu kwenye kioo cha mashine hayathibitishi kifo chake: E24 kwenye Bosch, OE kwenye LG na 5C kwenye Samsung zote zinasema maji hayatoki, basi. E25 ya Bosch inakupeleka kwenye pampu, lakini inakutuma uangalie kama imeziba au kifuniko chake kimelegea.

Kwa hiyo fundi akisema pampu imekufa, mwombe kwa heshima aitoe aiweke mezani. Aizungushe ukiona, aipime kwa mita, akuonyeshe pia kwamba umeme unafika kwenye waya zake. Mita ikionyesha waya wa ndani umekatika, au kipangaboi kimevunjika, mlipe, na uchukue ile ya zamani ukanunulie mpya inayofanana nayo kwa namba iliyoandikwa ubavuni.