Baccarat: dau dogo la pembeni lina bei gani?

Mtu akikaa kwenye meza ya baccarat, mchezo wa karata wa kasino, akaweka shilingi 1,000 kwa upande uitwao Benki na shilingi 200 kwenye kisanduku cha jozi, ukimuuliza lipi kati ya hayo mawili linamgharimu zaidi, atakuonyesha lile la 1,000. Hapo atakuwa amekosea. Tuseme amecheza raundi 60, ambazo ni kama saa moja. Kwa Benki amepitisha shilingi 60,000, na kwa wastani kasino inabaki na kama 636. Kwenye jozi amepitisha 12,000 tu, lakini kasino inabaki na kama 1,243. Dau lililo moja ya tano ya mwenzake limemla karibu mara mbili.

Hapo ndipo mjadala wa madau ya pembeni, yaani yale yanayowekwa kando ya mchezo mkuu kama hilo la jozi, unapopaswa kuanzia. Wapo wanaosema ni wizi mtupu, wapo wanaosema ni burudani ya watu wazima na hakuna aliyeshikiwa fimbo. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una hoja ya kweli ambayo mwenzake hataki kuisikia.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kuna pande mbili, Mchezaji na Benki, lakini hayo ni majina tu. Yeyote aliyeketi anaweza kuwekea upande autakao. Kila upande unapata karata mbili, na mara nyingine ya tatu kwa kanuni zilizopangwa tangu mwanzo. Ree ni 1. Kumi, ghulamu, malkia na basha ni sifuri. Jumla ikifika kumi au kuvuka, unatupa kumi, kwa hiyo 7 na 8 ni 5. Aliyeikaribia 9 zaidi ameshinda. Ukishaweka dau huna uamuzi mwingine wa kufanya. Mchezo huu uliingizwa Las Vegas mwaka 1959 kutoka Havana, lakini makao yake makuu leo ni Macau, mji ulioipita barabara kuu ya kasino ya Las Vegas kwa mapato mwaka 2006, na ambako kwa miaka mingi zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya kasino yametokana na baccarat peke yake.

Kwa kasha la pakiti 8, yaani karata 416, Benki hushinda raundi 45.86 kati ya 100, Mchezaji 44.62, na zilizobaki 9.52 ni sare. Kwa sababu Benki ina nafasi kubwa kidogo, kasino hukata kamisheni ya asilimia 5 kwenye ushindi wake. Baada ya makato hayo, faida ya kasino kwa Benki ni asilimia 1.06, na kwa Mchezaji ni 1.24. Ruleti yenye sifuri moja inakula 2.70. Kwa bei za kasino, basi, baccarat ni bidhaa ya bei nafuu, na mwenye duka anayeuza kitu kwa faida ndogo namna hiyo hutafuta kingine cha kuweka pembeni ya kaunta.

Jozi ni mfano rahisi kwa sababu hesabu yake haihitaji kompyuta. Unabeti kwamba karata mbili za kwanza za upande mmoja zitafanana, 6 na 6 au malkia na malkia. Ikishatoka karata ya kwanza, zinabaki 415, na kati ya hizo zinazofanana nayo ni 31. Nafasi yako ni 31 kwa 415, chini kidogo ya asilimia 7.5. Meza inalipa 11 kwa 1, yaani 11 juu ya dau lako linalorudi. Fanya hesabu utaona kwamba kila shilingi 100 zinazoingia kwenye kisanduku kile, zinarudi 89.64. Dau la sare linalolipa 8 kwa 1 ni baya zaidi: zinarudi 85.64. Lakini kuna meza ambazo sare hiyohiyo inalipa 9 kwa 1, na hapo zinarudi 95.16. Karata ni zilezile na kasha ni lilelile, ila tarakimu moja kwenye kitambaa imepunguza bei hadi theluthi. Ni wangapi wanaoketi huwa wameisoma tarakimu ile kabla ya kutoa pesa?

Sasa nije kwenye madau yanayonishughulisha zaidi. Kamisheni ya asilimia 5 ni kero kwa mgawaji na kwa mteja. Inachelewesha meza, na hakuna anayependa kushinda halafu akatwe. Ndiyo maana yakaja matoleo yasiyo na kamisheni. Katika lile liitwalo EZ Baccarat, Benki hulipwa kamili, isipokuwa ikishinda kwa jumla ya 7 iliyotengenezwa kwa karata tatu. Hapo unarudishiwa dau lako na hulipwi kitu. Pembeni yake kuna kisanduku kiitwacho Dragon 7, Joka, kinacholipa 40 kwa 1 tukio hilohilo likitokea.

Jioni moja nilikaa na daftari nikafuatilia meza kama hiyo bila kuweka hata senti. Mchezaji alipata ghulamu na 4, jumla 4. Benki ikapata basha na 3, jumla 3. Mchezaji akavuta karata ya tatu, ikawa 2, akafika 6. Kwa kanuni, Benki yenye 3 nayo lazima ivute. Mgawaji akaitelezesha ile karata, akaigeuza: 4. Benki 7, Mchezaji 6. Benki imeshinda, na walioiwekea wakabaki na dau lao vilevile, mikono mitupu. Ingekuwa 5 badala ya 4, wangelipwa wote kamili. Ingekuwa 3, ingekuwa sare. Na ukiangalia nyuso zao, uchungu haukuwa wa kukosa kulipwa. Ulikuwa wa kutokuwa na chochote kwenye kisanduku cha Joka.

Raundi iliyofuata, visanduku vya Joka vilijaa.

Hapa ndipo ufundi wa bidhaa hii ulipo. Kasino imetoboa tundu kwenye sakafu ya mchezo mkuu, kisha inakuuzia kifuniko cha tundu lilelile. Anayeweka Joka hajioni kama mtu anayefukuza bahati. Anajiona kama mtu aliyekata bima. Joka hutokea mara 2.25 hivi katika raundi 100, kama mara moja kwa kila raundi 44. Bima ya haki ingelipa 43 kwa 1. Inalipa 40, na kasino inabaki na asilimia 7.61. Hiyo ni bima ya ghali, ingawa si ya kinyama. Ya kinyama ni ile ya Super 6. Katika toleo hilo Benki ikishinda kwa 6 inalipwa nusu, na kisanduku cha pembeni kinalipa 12 kwa 1 tukio hilo likitokea. Linatokea mara 5.39 kwa raundi 100. Katika kila shilingi 100 unazoweka, zinarudi 70. Asilimia 30 inabaki mezani, karibu mara 28 ya ile inayobaki kwa Benki ya kawaida. Sioni namna ya kuitetea.

Lakini utetezi wa madau ya pembeni kwa ujumla upo, na nisingependa kuupitia juu juu. Kwanza, si yote yana bei moja. Dragon Bonus, linalolipa upande wako ukishinda kwa tofauti kubwa ya pointi, linaiachia kasino asilimia 2.65 tu likiwekwa upande wa Mchezaji. Hilo ni karibu sawa na ruleti. Ukiliweka upande wa Benki linapanda hadi 9.37, kwa hiyo jina moja kwenye meza moja lina bei mbili zilizo mbali kabisa. Pili, toleo la EZ bila kugusa Joka linampa anayeiwekea Benki bei ya asilimia 1.02, chini kidogo ya ile ya kamisheni. Mtu mwenye nidhamu ananufaika na meza ambayo gharama yake inabebwa na jirani yake mwenye tamaa. Tatu, na hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, mtu hanunui hesabu. Anayeweka 200 akitazamia 8,000 ananunua sekunde kumi za moyo kudunda, na mchezo usio na uamuzi wowote hauna mengi mengine ya kuuza.

Nne, kuna historia ambayo wapinzani wa madau haya huwa hawaitaji. Mapema miaka ya 1960, kasino za Nevada zilikuwa na madau ya pembeni yaliyolipa 9 kwa 1, moja ikiwa upande ungepata 8 ya papo kwa papo kwa karata mbili, jingine ikiwa ungepata 9. Wanahisabati Edward Thorp na William Walden waliona jambo: katika mchezo mkuu kuhesabu karata zilizotoka hakusaidii kitu cha maana, lakini kwa madau yale kunasaidia sana, kwa sababu yanategemea karata chache mahususi zilizobaki kwenye kasha. Walikwenda, wakahesabu, wakala. Mwaka 1966 wakachapisha hesabu zao kwenye jarida la wanatakwimu wa Marekani. Miongo kadhaa baadaye mwanahisabati mwingine, Eliot Jacobson, akaonyesha kwamba hata Joka lina udhaifu wa aina hiyo: 8 na 9 nyingi zikishatoka, raundi nyingi zaidi zitafika karata ya tatu, na zikibaki karata za 4 hadi 7 kwa wingi, ile 7 ya karata tatu inakuwa karibu zaidi. Yaani dau la pembeni ndilo sehemu pekee ya meza ambapo mtu mwenye akili na subira anaweza kuishinda kasino.

Ni kweli. Ila tazama ni nani anayefaidika na ukweli huo. Kuhesabu kunataka ukae karibu kasha zima ukisubiri, uweke dau raundi chache tu, na uvumilie kuliwa mara nyingi kabla ya kula. Na kasino ikishtuka inaweza kukata kasha mapema, kushusha kikomo cha dau au kukuonyesha mlango. Kuwatetea wengi kwa mfano wa wachache wa namna hiyo hakunishawishi. Kibaya zaidi, hadithi za wahesabuji zimepotoshwa huko mitaani zikawa kitu kingine: "Joka halijatoka muda mrefu, liko njiani." Ukame wa Joka hausemi lolote. Kinachosema ni karata zipi zimetoka. Raundi 60 zinaweza kupita bila Joka hata moja, na hilo hutokea karibu mara moja katika kila saa nne za kucheza. Hata raundi 100 bila Joka si ajabu. Kati ya watu kumi watakaozikaa, mmoja litamkwepa zote.

Wapo watakaosema mjadala wote huu hauna maana kwa kuwa kamari ni haramu. Kwa Mwislamu aya ya 90 ya Suratul Maida imeshamaliza maneno, na simbishii. Naandika kwa ajili ya wale ambao tayari wako mezani, na siku hizi meza iko kiganjani. Tovuti za kubeti zinazofunguka kwa simu Dar es Salaam na Nairobi haziishii kwenye mikeka ya mpira. Nyingi zina kasino ya mubashara, mgawaji wa kweli kwenye studio ya mbali, na pesa inaingia kwa namba ya simu. Aliyezoea kutandika mkeka wa timu kumi ili shilingi 500 zigeuke laki amefundishwa kutazama malipo na kusahau nafasi. Akifika kwenye baccarat, jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye 40 kwa 1. Asilimia 1.06 ya Benki haimvutii hata kidogo, na kasi ya simu inamfanya amalize raundi 60 kabla chai haijapoa vizuri.

Kwa hiyo simo kwenye kundi la kupiga marufuku, na simo kwenye kundi la "kila mtu na akili yake". Bidhaa yenye bei ya asilimia 1 na yenye bei ya asilimia 30 zimewekwa kwenye kitambaa kimoja, ukubwa wa visanduku ukikaribiana, na kinachoandikwa juu ya kila kimoja ni malipo tu. Muuza unga angefanya hivyo sokoni, wateja wangemkalia kooni. Na namba inayokosekana si siri ya biashara. Uingereza, kanuni za Tume ya Kamari kwa michezo ya mtandaoni zinataka mchezaji apewe taarifa za uwezekano wa kushinda. Michezo mingi ya mubashara inazo tayari: fungua ukurasa wa maelezo, teremka chini kupita kanuni za karata ya tatu, utazikuta kwa herufi ndogo. Benki 98.94, Mchezaji 98.76, jozi 89.64, sare 85.64.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania na wenzao wa Kenya hawahitaji kubuni kitu kipya. Ninachoomba ni namba hiyo ipande kutoka chini ya ukurasa ule, iandikwe ndani ya kisanduku, kwa ukubwa uleule wa herufi za 11 kwa 1.